Kompyuta Zilizofunikwa Vitambaa: Barua ya Wazi kwa Waheshimiwa Madiwani wa Kisarawe

Waheshimiwa Madiwani wa Halmashauri ya Wilaya ya Kisarawe,

Naomba ruhusa ya kusema nanyi hadharani juu ya jambo ambalo katika vikao aghalabu hupewa mstari mmoja wa taarifa na kupita, nalo ni kompyuta za shule zetu za sekondari: zimetoka wapi, zinafanya kazi gani, na ni kwa sababu gani nyingi kati yake, baada ya mwaka mmoja au miwili ya kuonyeshwa wageni, hufunikwa vitambaa na kuachwa. Nimechagua kuandika barua ya wazi badala ya kuja ofisini kwa kuwa shauri nililonalo haliwahusu ninyi peke yenu. Linamhusu mwalimu wa Maneromango, mzazi wa Mzenga, mwenye stesheneri wa pale Kisarawe mjini, na jirani zetu wa Kibaha kadhalika, na shauri la watu wengi likinong'onwa katika sikio la mtu mmoja hugeuka kuwa ombi la upendeleo.

Muradi wangu ni huu. Tunazoea kusema kwamba shule zetu zina upungufu wa mashine, na upungufu huo upo. Lakini mashine tulizonazo tayari zinaendeshwa kwa programu ambazo hapana mtu katika kata ya Marui, wala katika kata yoyote jirani, mwenye haki ya kuzifungua, kuzinakili wala kuzitengeneza, na maadamu hali ni hiyo, hata mkituletea mashine nyingine mia, nazo zitaishia chini ya vitambaa. Dawa ipo. Huitwa programu huria, haina bei dukani, na ili ituingie shuleni inataka azimio lenu zaidi ya inavyotaka fedha zenu.

Katika shule moja, ambayo sitaitaja kwa kuwa kasoro yake ni kasoro ya wengi, kipo chumba chenye mapazia ya bluu, kufuli kubwa, na kompyuta za mezani za mtumba, zile ambazo maofisi ya Ulaya na ya Ghuba huziacha zikiwa bado nzima na wafanyabiashara wetu huziingiza kwa makontena mpaka Kariakoo. Zilipofika zilikuwa zimekwisha pigwa Windows na fundi wa mjini, bila leseni, kama ilivyo desturi. Na walimu, ambao hawakuambiwa kwamba kuna kitu kiitwacho leseni, sembuse kwamba hawanacho, walizitumia kwa furaha mpaka maandishi ya kudai uhalali yalipojitokeza katika pembe ya kila kioo na picha ya nyuma ikawa nyeusi. Hilo lilivumilika. Lisilovumilika lilikuja ndani ya flashi. Mwalimu wa taaluma aliupeleka mtihani wa muhula stesheneri kuchapwa, akarudi na flashi ile ile, akaichomeka katika mashine moja baada ya nyingine kutafuta ile yenye printa, na siku ya pili yake kila folda katika mashine hizo ilikuwa imegeuka shotikati isiyofungua kitu, na maandalio ya masomo ya walimu wanne yakawa hayaonekani. Akaitwa fundi, fundi akapiga Windows upya, akalipwa kwa idadi ya mashine, akaondoka, na kwa kuwa flashi zilibaki zile zile na stesheneri ikabaki ile ile, virusi vilirudi kabla risiti ya fundi haijaingizwa vitabuni. Mara ya tatu mkuu wa shule aliona ni hekima kufunga mlango, na mimi simlaumu.

Ikafika tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ilikoma kuitunza Windows 10, iliyokuwa imeitoa mwaka 2015, na wenye kompyuta dunia nzima wakaambiwa wahamie Windows 11. Hiyo mpya ina masharti yake: inataka kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0, na kwa mashine za Intel inataka prosesa ya kizazi cha nane au cha baadaye, yaani zile zilizoanza kutoka mwaka 2017. Kompyuta za mtumba zinazotufikia sisi aghalabu ni za kizazi cha pili, cha tatu, au cha nne. Kwa hesabu ya mwenye programu mashine hizo zimekwisha. Kwa hesabu ya shaba, chuma na umeme zi hai, na zinaweza kufanya kazi ya kuandika, kuhesabu na kusomea kwa miaka mingi ijayo. Hapana haja ya kumtukana mfanyabiashara kwa kulinda biashara yake, kwani hakututuma kumtegemea. Lakini ni insafu kuuliza kama umri wa mali ya shule ya Kisarawe unapaswa kuamuliwa na kikao cha watu walioko Marekani ambao hawajui kwamba shule hiyo ipo.

Nilipata kushuhudia kijana mmoja wa bodaboda, aliyemaliza kidato cha nne na asiendelee, akiifungua mojawapo ya mashine zile, iliyosemwa kuwa haiwaki bali inalia tu. Aliondoa mfuniko wa ubavuni, akatoa vumbi jekundu kwa brashi ya rangi, akatoa pia mayai ya mjusi yaliyokuwa yamekauka chini ya feni. Kisha akaichomoa RAM, akaomba ufutio wa mwanafunzi, akayasugua taratibu meno yake ya rangi ya dhahabu, akapuliza, akairudisha na kuikandamiza mpaka vishikio vya pande mbili vikajifunga. Ikawaka. Kioo kikaonyesha kwamba kwa mujibu wa mashine ile sote tulikuwa katika mwezi wa Januari mwaka 2010, kwa sababu kibetri cha duara cha kutunza saa kilikuwa kimekufa. Na kwa kuwa saa ilikuwa imerudi nyuma, kila tovuti ilikataa kufunguka kwa madai kwamba cheti chake cha usalama hakijaanza kutumika. Shule ilikuwa imeulaumu mtandao wa simu, na kununua bando baada ya bando, kwa kosa la kibetri ambacho wauza saa wa Kariakoo hukiuza kwa bei iliyo chini ya nauli ya kukifuata. Kijana akaweka kibetri, akachomeka flashi yake yenye mfumo huria uitwao Linux Mint, akaiwekea mashine ile yenye RAM ya GB 4 mfumo mpya kamili, wenye programu ya kuandikia, ya hesabu, ya picha na ya kuperuzi, na hakuna mahali popote ilipodai ufunguo wa leseni wala fedha.

Kijana yule hana cheti cha TEHAMA. Ana simu, ana subira, na ana mahali pa kuuliza, na hilo la mwisho nitalirudia.

Pengine mmoja wenu atauliza: kitu kisicho na bei mwenyewe ni nani, na huyo mwenyewe anakula nini? Swali hilo ni la haki, kwani tumekwisha kupewa vya bure vingi vilivyotugharimu. Programu yoyote ni maagizo yaliyoandikwa na binadamu; wenye programu za biashara huyaficha maagizo hayo na kukuuzia ruhusa ya kuyatumia, ilhali wenye programu huria huyaweka wazi ili kila atakaye ayasome, ayanakili, ayabadili na ampe mwenziwe. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza nia ya kuunda mfumo mzima wa namna hiyo, akauita GNU. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, akatoa kiini kilichokosekana, nacho ndicho Linux. Na leseni waliyoitumia, GPL, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1989, ina sharti ambalo kwa watu wa pwani halikupasa kuwa geni hata kidogo. Mtu akichimba kisima akakifanya wakfu, sharti lake huwafunga warithi wake, humfunga msimamizi, humfunga na yeye mwenyewe: kila mpita njia atachota, mwenye nguvu ataweza kukipanua au kukijengea, lakini hapana atakayeweza kukizungushia ukuta na kuuza maji kwa jina lake. Ndivyo ilivyo GPL. Ukiibadili programu ile na kuitoa kwa watu, wajibu wako ni kuitoa pamoja na maagizo yake na kwa ruhusa zile zile ulizozikuta.

Na wanaoishughulikia hula, tena vizuri, kwa kuuza kazi yao badala ya kuuza ruhusa. Kampuni ya Red Hat ilijijenga kwa kutoa huduma juu ya Linux, na mwaka 2019 IBM ikainunua kwa dola bilioni 34. Kwa hiyo asiwepo wa kudhani kwamba haya ni mambo ya mafukara. Fauka ya hayo, kila simu ya Android iliyomo mifukoni mwenu wakati wa kikao inaendeshwa na kiini hicho hicho cha Linux. Tunaitumia usiku na mchana bila kuijua, na tunapoambiwa iingie shuleni tunaiona ngeni.

Ugeni huo hauna msingi hata katika historia ya mkoa wetu. Jirani zetu wa Kibaha wana Shirika la Elimu lililoanza mwaka 1963 kwa ushirikiano wa Tanganyika na mataifa ya Kaskazini ya Ulaya, Uswidi, Norwe, Denmark na Ufini miongoni mwao. Mwaka 1970 likakabidhiwa kwa Tanzania, na hadi leo shule zake na hospitali ya Tumbi zinasimama, kwa sababu waliokabidhiwa walipewa funguo na kazi pamoja. Mimi huona kama bahati ya ajabu kwamba kutoka katika nchi zile zile zilitujia baadaye kazi nyingine za aina hii. Linux yenyewe ni ya Ufini. Kutoka Norwe, kwa mkono wa Chuo Kikuu cha Oslo, ilikuja DHIS2, mfumo huria wa takwimu za afya ambao mizizi yake ilianzia Afrika Kusini baada ya mwaka 1994. Majaribio ya awali ya kazi hiyo hapa nchini, mwanzoni mwa miaka ya 2000, yalifanyika katika wilaya za mkoa huu huu, Bagamoyo na Kibaha, na kufikia mwaka 2013 mfumo ukawa umeenea nchi nzima. Muuguzi wa zahanati anayejaza vitabu vya MTUHA kila mwezi huenda hajui, lakini hesabu zake za chanjo na za wajawazito huishia ndani ya programu ambayo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana haki ya kuifungua na kuirekebisha ifuate mahitaji yetu, bila kumwomba mtu ruhusa. Ikiwa programu huria imeaminiwa kutunza hesabu ya watoto wanaozaliwa, itashindwaje kutunza barua ya mwanafunzi wa kidato cha pili?

Uswidi nayo ina fungu lake, na hapa kisa si kizuri kama cha Kibaha. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa auni ya wataalamu wa Uswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kuhesabia ambayo orodha zake, maonyo yake na maelekezo yake yote yalikuwa kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi adhimu, na iliyotangulia wakati wake. Leo ni wachache wanaoikumbuka, na mwalimu kijana ukimtajia atadhani unamtania. Yaliyotokea ni kwamba programu huzaliwa upya kila baada ya miezi kadhaa, na kila toleo huja na maneno mapya ya kutafsiri na kasoro mpya za kurekebisha; mradi ulipokwisha, pakawa hapana jumuiya ya walimu, wanafunzi na mafundi iliyozoea kuilisha. Tazameni basi yaliyoipata OpenOffice yenyewe, ile iliyotafsiriwa ikawa Jambo, huko ilikozaliwa. Mwaka 2010 kampuni iliyoimiliki, Sun, ilinunuliwa na Oracle. Wajenzi wake walipoingiwa na wasiwasi juu ya bwana mpya, walichukua maagizo yote, kwa kuwa leseni iliwaruhusu, wakaondoka nayo na kuanzisha LibreOffice, ambayo ndiyo hai mpaka sasa na ina hata kamusi ya kuhakiki tahajia ya Kiswahili. Leseni ile ile ilikuwa juu ya kazi zote mbili. Moja ilikuwa na watu, nyingine ilikuwa na bajeti.

Kisa cha zamani zaidi hunifikirisha kila nionapo shehena ya kompyuta ikishushwa. Kompyuta ya kwanza ya Serikali yetu iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, nchi ikiwa changa; hesabu zikavurugika, wataalamu walioijua walikuwa wageni, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, marufuku iliyoturudisha nyuma kwa muda wa kizazi. Wapo wanaoicheka amri ile. Mimi siicheki, kwani aliyeitoa aliona vyema kwamba mashine isiyo na mtu wa hapa anayeielewa ni hasara inayotumia umeme. Alichokosea ni kuizuia mashine, pale ilipofaa kumlea mtu.

Na mtu halelewi na mashine peke yake, hulelewa na wenziwe. Nilisema kijana wa bodaboda ana mahali pa kuuliza, na jambo hili lataka maneno machache, kwa maana jumuiya za mtandaoni zina sifa mbaya kwetu sisi wazee na si zote zinazostahili. Walimu wetu wana makundi ya WhatsApp, na makundi hayo yana watu wema na wepesi wa kujibu. Ila jibu la maana linalotolewa saa tatu usiku, juu ya namna ya kuiunganisha printa mathalani, hufunikwa kabla ya alfajiri na tangazo la msiba, mchango wa harusi, na dua iliyopitishwa kutoka kundi jingine, na baada ya wiki mbili mwalimu mwingine huuliza swali lile lile, na mjibuji, akiwa amechoka, hunyamaza. Jumuiya za programu huria huyaandika majibu mahali palipo wazi, penye kutafutika, na jibu lililoandikwa kwa mtu wa Brazili miaka kumi iliyopita linaweza kumfaa mtu wa Marui jioni ya leo. Nakiri kwamba adabu za huko hutofautiana na zetu. Mswahili akiingia huanza kwa kuwasabahi watu, kuwaombea heri, na kueleza ametoka wapi, na hukuta anajibiwa kwa ukali kwamba asipoteze wakati, aseme ana toleo gani na kosa limeandikwaje. Vijana kadhaa wamekimbia kwa fedheha hiyo, na Kiingereza kikiwa dhaifu fedheha huwa mara mbili. Ndiyo sababu tunahitaji mahali petu, kwa lugha yetu, ambapo mtu ataitikiwa salamu kwanza, kisha ataulizwa toleo.

Isidhaniwe kwamba hatuwezi. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria, ambapo wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wakazi wa mitaa yenyewe, walitembea na simu na karatasi katika kata za Dar es Salaam zinazokumbwa na mafuriko, wakachora mifereji, vichochoro na nyumba, wakaviweka katika OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na inayojengwa na wenye kujitolea. Kazi ile ilisikika mbali, na Agosti 2018 mkutano wa dunia wa watu wa programu huria za ramani, FOSS4G, ulifanyika Dar es Salaam. Mji huo, kutoka kwetu, ni mwendo wa basi moja. Na hapana anayeijua njia inayopitika wakati wa masika kati ya kijiji na zahanati, au kisima kinachokauka mwezi wa Septemba, kuliko mwanafunzi wa kata hii anayepita hapo kila siku akiwa na ndoo au daftari.

Sasa niyajibu maneno ambayo najua yatasemwa kikaoni, kwani nimekwisha kuambiwa barazani. Litasemwa kwamba stesheneri zote zinatumia Microsoft Word, na barua iliyoandikwa kwa LibreOffice ikifunguliwa kule mistari husogea na jedwali la matokeo huvunjika. Ni kweli, hunitokea, na dawa yake ni kuhifadhi kwa PDF kile kinachokwenda kuchapwa, jambo ambalo mwanafunzi hufundishwa katika kipindi kimoja. Litasemwa kwamba mwajiri atamtaka kijana anayeijua Windows. Hili ni zito zaidi, na silipuuzi. Lakini aliyejifunza kuandika, kupanga mafaili, kutengeneza jedwali la hesabu na kutafuta kosa kwa utulivu hujifunza Windows kwa siku chache, ilhali aliyejifunza kubonyeza palepale alipoonyeshwa hupotea pindi toleo linapobadilika, hata likiwa la Windows hiyo hiyo. Litasemwa tena kwamba cha bure hakina wa kumshika ukosi kikiharibika. Nami nauliza: ile Windows iliyopigwa bila leseni, ilipoharibika mara tatu, alishikwa ukosi nani?

Siombi programu hii iingizwe katika ofisi zenu za hazina, wala siombi mtu yeyote alazimishwe nyumbani kwake. Naomba kwamba kompyuta yoyote itakayonunuliwa kwa ajili ya shule, iwe kwa njia ya NeST, mfumo wa Serikali wa ununuzi wa mtandaoni, au kwa mkono wa mfadhili, ipokelewe kwa sharti la kuwa inafunguka kwa bisibisi ya kawaida, RAM na diski yake zinabadilika, na mfumo wake ni huria au leseni yake imelipwa kwa jina la shule. Na mfadhili asiyekubali sharti hilo ashukuriwe kwa heshima na aruhusiwe kwenda zake. Yule anayekuja na mashine na wapiga picha, akaondoka bila kumwachia mtu wa hapa ujuzi wa kuzifungua, ametuletea kazi ya kufuta vumbi.

Naomba kadhalika kwamba katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo sheria huwataka mkopeshe wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na ambayo vijana fungu lao ni asilimia 4, kikundi cha mafundi wa kompyuta katika kila tarafa kihesabiwe kuwa ni kikundi cha uzalishaji sawasawa na cha bodaboda au cha kufuga kuku. Mtaji wao si mkubwa: bisibisi, kipima umeme, flashi, diski za SSD chache za kubadilisha zile za zamani zinazozunguka, na vibetri vya saa. Shule ziingie mkataba nao wa matunzo ya mwaka badala ya kulipa kwa kila mara ya kupiga Windows, kwa sababu anayelipwa kwa ugonjwa hana haraka ya kuuponya, na anayelipwa kwa uzima hufika hata asipoitwa.

Juu ya intaneti sitasema mengi. Mnajua bando lilivyo na mnajua mawimbi yalivyo huku kwetu mvua ikinyesha. Ila ipo programu iitwayo Kiwix, nayo ni huria, inayoiweka Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003, ndani ya diski na kuisomesha darasa zima bila mtandao wowote. Ipo na Kolibri, inayofanya vivyo hivyo kwa masomo na mazoezi. Kompyuta moja iliyo nzuri kidogo kuliko nyenzake ikiwekwa pembeni na kuwa seva, nyingine zote zikaunganishwa nayo kwa waya, shule hupata maktaba ambayo haikatiki salio likiisha.

Haya yote yanahitaji mwalimu mmoja katika kila shule aliyepunguziwa vipindi viwili vitatu kwa wiki, na hapo ndipo palipo gharama ya kweli, kwa maana programu isiyolipiwa fedha hulipiwa muda, na muda wa walimu wetu mnaujua ulivyobanwa. Sitawaficha hilo. Mkilipitisha azimio na msimpe mwalimu huyo nafasi, afadhali msilipitishe, maana vijana wataona jambo jema likishindwa na watadhani lilikuwa baya.

Naomba basi shauri hili lipelekwe mbele ya Kamati ya Elimu, Afya na Maji kabla makisio ya mwaka wa fedha ujao hayajafungwa, na kwamba siku hiyo aitwe kijana mmoja fundi, awekewe mezani mashine iliyosemwa kuwa imekufa, mtakayoichagua wenyewe kutoka shule yoyote mtakayo, pamoja na bisibisi na ufutio. Alipwe posho ya kikao kama mjumbe.

Wenu kwa heshima na utii,

Mkazi wa kata ya Marui, Kisarawe